Mkanda Usiowahi Kumdhuru Mtu

Inatangazwa kwa mafundi, vibarua na wapita njia wote kwamba mkanda wa kupandishia kokoto kwenye jengo letu haujawahi kumdhuru mtu. Daftari la Ajali ni jeupe pe. Mama watoto wangu, aliyekuwa akizoa kokoto zinazomwagika chini ya rola inayouzungusha mkanda, hayumo. Khanga yake iliponaswa akaenda nayo, Kamati ya Usalama ilikaa kikao, ikamwandika kwenye Daftari la Watoro, kwa kuwa kesho yake hakuripoti kazini. Busara kama hiyo sisi tusiosoma tusingeifikia.

Wavu wa kukinga rola upo. Kamati iliuhamishia kwenye maua ya ofisi, maana maua yalikuwa yanakanyagwa. Swichi ya kuwashia na kuzimia mkanda nayo imefungiwa kwenye kisanduku chenye kufuli, kwa vile vibarua walikuwa wakiizima ovyo kila mtu akipiga kelele. Ufunguo nilipewa mimi, kama rambirambi. Kuzima ni kwa fomu, yenye saini ya Mwenyekiti wa Kamati; ndiyo kanuni ya saba, aliyoitunga mwenyewe.

Jumanne Mwenyekiti alikuja kupigwa picha kando ya mkanda, na tai yake ndefu nyekundu. Alipoinama kutabasamu, rola ikaionja ile tai.

"Zima," akasema.

"Shikamoo mzee. Fomu unayo?"

"Wewe, nakufa."

"Pole, mzee. Kanuni yako ya saba haikutaja kufa."

Fundi umeme akaninong'oneza, "Mjomba, mfungulie bwana, anabadilika rangi."

"Basi mpe kalamu," nikasema, nikimwekea fomu.

Alitia saini kwa mkono wa kushoto, shavu likiwa juu ya kokoto. Saini nzuri tu. Nikafungua kisanduku, nikazima, nikafunga tena, ufunguo nikautia mfukoni.

Aliondoka na nusu ya tai. Jioni Daftari la Ajali likapata mstari: Ajali ya kwanza, Mwenyekiti, shingo.

Leo siku ya tatu mkanda umelala. Ghorofa ya nne wanasubiri kokoto. Kuvunja kufuli nako kuna fomu yake, inatiwa saini na mtunza ufunguo. Mwenyekiti amenijia mwenyewe, shingo wazi.

"Tuwashie mkanda, ndugu yangu."

Tangu lini tumekuwa ndugu, sijui. Nimempa fomu niliyoichora mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa kukwaruza. Ina mistari miwili. Wavu urudi kwenye rola. Na daftarini, palipoandikwa "ya kwanza" paandikwe "ya pili", na juu yake jina la mke wangu.

Anasema hana kalamu. Nimemwazima ile ile ya Jumanne.