Malalamiko Kuhusu Kuondolewa kwa Dumu Langu kwenye Mradi wa Haidrojeni

Uyole, Mbeya
Jumanne asubuhi

Kwako Dkt. Nazia Mulji, Mtafiti Mkuu,

Lipo jambo nililokuficha kwa miezi kumi na minne, na kwa kuwa daktari ameniambia figo zangu hazitaiona Krismasi, nimeamua kuandika. Lakini nitaanza na malalamiko, kwa sababu ni ya haki na hayapaswi kupangwa foleni nyuma ya toba.

1. Wiki iliyopita uliniambia kwamba dumu langu la mkojo halitachukuliwa tena, eti nimedhoofika. Keshokutwa, mbele ya wafadhili, mtambo utatiwa mkojo wa jirani yangu Jailos. Binti yangu, Jailos anaanza kunywa pombe ya komoni saa nne asubuhi. Vipimo vyako mwenyewe vinaonyesha kwamba mkojo wangu hutoa gesi mara mbili ya wake kwa umeme uleule. Jumatatu ya kwanza siihesabu; nilikuwa na mafua.

2. Kwenye mkutano wa kata uliisifu nikeli ya mtambo peke yake. Ulieleza ulivyoibadilisha mara tano, bamba likawa wavu, wavu ukawa sifongo, hadi mkojo ukatoa haidrojeni kwa umeme mdogo kuliko unaotakiwa na maji matupu. Hongera. Lakini ni mimi niliyekufundisha kidato cha tatu kule Iringa, wakati baba yako akiuza vitambaa Mlandege, kwamba kichocheo huharakisha kazi na chenyewe kikabaki kama kilivyokuwa. Nikeli yako imebaki. Anayekwisha ni mimi. Ni nani basi wa kupigiwa makofi?

3. Ripoti inanitaja kama Mchangiaji Na. 7. Naomba sifongo ile iitwe Aroni.

4. Nikifa, nafasi yangu airithi mwanangu Asukile, maana kipaji hiki ni cha damu. Najua ulimpima ukakuta mkojo wake ni wa kawaida. Hajatulia tu, ana miaka hamsini na mbili.

5. Kibofu changu kipewe kaburi lake, hatua chache kutoka langu, ili wanafunzi wa sayansi waweze kukizuru bila kunisumbua. Wazee wa kanisa wamekataa, wakidai siku ya ufufuo patatokea mkanganyiko. Nimewajibu kwamba Mungu anazijua namba za wachangiaji wote. Naomba mradi uwaandikie rasmi.

6. Hili huenda liko nje ya mamlaka yako. Mke wa Asukile, Gloria, mahindi yake yamekuwa ya njano mwaka huu, na kutwa analalamika kwamba mbolea ya kukuzia, ile yurea, imekwisha stoo kabla ya wakati wake. Juzi aliniuliza mbele ya wageni, "Baba, ni panya gani huyo anayekula yurea akaacha mahindi?" Kumuuliza mgonjwa swali la namna hiyo ni ukatili. Mwonye.

Kwa hayo yote, nadai dumu langu lirudishwe kabla ya Alhamisi. Nisalimie mama yako Noorjahan, dereva wako Mujtaba, wafadhili wote hata nisiowajua, na Jailos, ukimkuta macho.

Wako niliyechakaa kwa ajili ya sayansi,
Mwalimu Aroni Mwankenja

Baada ya sahihi: Alhamisi usiwashe mtambo. Kwanza futa vipimo vyangu vyote, kisha ijaribu upya nikeli kwa mikojo ya wengine, maana sifongo ile uliichagua kwa kulitazama dumu langu, na kwa mkojo wa Jailos inaweza kukuaibisha. Jumatatu ile ya kwanza sikuwa na mafua. Mkojo wangu ulishindwa na wa Jailos, nawe ukanishukuru kwa adabu, ukasema hutanisumbua tena. Nikakuomba unipime mara moja zaidi. Jumatatu iliyofuata nilikoroga ndani ya dumu vijiko vitatu vya yurea ya Gloria, nawe ukanipigia simu ukicheka: "Shikamoo Mwalimu. Wako ni wa ajabu, nitakuja kila wiki." Basi nikawa nakoroga kila wiki. Nikeli yako haikukosea hata siku moja. Iliikuta yurea, ileile iliyomo kwenye kila mkojo, ikafanya kazi yake. Mimi hapa nyumbani ni Baba, kwa wajukuu ni Babu, na hospitali ni kitanda cha dirishani. Tangu mke wangu Faustina azikwe, wewe ndiye mtu pekee aliyebaki anayeniita Mwalimu.