Kuhusu Maiki ya Gemu Yenu na Pumzi za Mama Mkwe Wangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Maiki,
Kampuni ya Gemu za Mkononi.

Ndugu Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye chumba chenye feni inayozunguka. Mimi yangu nimeizima. Mimi ni fundi simu, na kazi yangu ni ya skrubu ndogo kiasi kwamba mtu akikohoa karibu nazo, wote tunahamia sakafuni kutafuta. Kwa hiyo dukani kwangu feni haizunguki, dirisha halifunguliwi, na kila mteja anajua kwamba akitaka kupiga chafya anatoka nje kwanza. Wanatoka jasho, lakini wananiheshimu. Ndivyo tulivyoishi mpaka gemu yenu ilipoingia.

Ni mashine nzima ya mkononi, yenye skrini na vitufe vyake, iliyoachwa kwa matengenezo na mteja ambaye hakurudi tena. Maiki yake ilikuwa imekufa, nikaweka nyingine niliyoitoa kwenye simu kubwa, na nasema bila kujivuna kwamba ni bora kuliko ya kwenu. Inasikia hata mtu akiwaza. Hata hivyo shimo la maiki mlilitoboa ninyi, na wazo la kulitumia ni lenu, kwa hiyo lawama nazo ni zenu.

Wakati huohuo mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu, nyuma ya duka hilihili, baada ya kuugua mapafu. Alitoka hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika katikati. Daktari alimpa puto, akamwambia apulize asubuhi na jioni ili kifua kipate nguvu, la sivyo atarudishwa wodini. Mama aliliangalia lile puto, akamwangalia daktari, akasema yeye ana wajukuu, maputo awapelekee hao. Mke wangu akambembeleza, akalia, wapi! Basi ili mama yake asichoke kukaa bure, akampa ile gemu, akamwekea kiti mbele ya meza yangu ya kazi kwa sababu hapo ndipo penye mwanga.

Mheshimiwa, mama mkwe si mtu wa kuambiwa acha. Huyu ndiye aliyenipa mke. Mbele yake mimi hata kujikuna nageukia ukutani. Kwa kuwa yeye siwezi kumwambia, nawaambia ninyi.

1. Mishumaa. Kwenye gemu yenu kuna nyumba ya kale, na hakuna mlango unaofunguka mpaka mishumaa iliyo mbele yake izimwe. Haizimwi kwa kitufe. Vitufe vipo, vyote vinafanya kazi, nimevisafisha kwa mikono yangu mwenyewe. Hapana, lazima mtu apulize maiki kwa mdomo! Hebu niambieni, aliyekaa mbele ya vitufe vyote hivyo akafikiri, akasema "hapa apulize," alikuwa na ugomvi na nani? Siku za mwanzo mama alihangaika na mshumaa mmoja asubuhi nzima, na hilo ningeweza kulivumilia. Sasa anazima safu nzima kwa mkupuo mmoja. Juzi nilikuwa nimepanga skrubu za simu ya mwalimu mkuu juu ya kitambaa, kila moja mahali pake. Mama akapuliza. Zikaenda zote. Yeye akashangilia kwamba mlango umefunguka, mimi nikasema hongera mama, nikapiga magoti chini ya meza.

2. Vumbi. Kuna sanduku la hazina ambalo lazima lipulizwe vumbi kwanza. Vumbi lenyewe halipo, Mheshimiwa, ni picha tu! Langu ndilo lililopo, na sasa limehamia kwenye vioo vya simu nilivyotoka kuvifuta. Kwa ufupi, mnaondoa vumbi lisilokuwepo na kuniletea lililopo.

3. Mbwa. Gemu inamtaka mchezaji ampe mbwa jina, halafu amwite kwa sauti. Mama amemwita Fundi. Anasema ni kwa heshima, ni jina la mtu anayempenda. Nashukuru. Lakini fikirieni duka limejaa watu, na mama mkwe anapaza sauti: "Fundi, kaa! Fundi, acha hicho! Fundi, mbona unanuka hivyo, njoo uogeshwe!" Nimeshakaa zaidi ya mara moja kabla ya kukumbuka kwamba si mimi. Na kwa kuwa maiki inasikia kila kitu, mteja akiingia akaniita Fundi, mbwa anakuja mbio, na mama anamkaripia mteja kwa kumvurugia mafunzo. Mteja mmoja, fundi cherehani wa jirani, ameninong'oneza kwamba yule mwenzangu anaitika haraka kuliko mimi. Na huyo mbwa akifanya vizuri anaambiwa "mwanangu mzuri." Mimi tangu nimeoa sijawahi kuambiwa hivyo, ila hilo sitaki kulipanua hapa.

4. Jitu. Hapa ndipo mlipokosa haya kabisa. Kuna chumba ambamo jitu limelala, na maiki ikisikia sauti yoyote jitu linaamka na mchezo unaanza upya. Mama aliinua kidole tu, duka zima likanyamaza. Wateja wakawa wananieleza matatizo ya simu zao kwa ishara. Mmoja alitaka kunionyesha kwamba yake imetumbukia chooni, na namna alivyolionyesha hilo siwezi kuliandika kwenye barua rasmi. Katikati ya hayo, ncha ya chuma cha moto ninachounganishia nyaya ikanigusa kidole. Mheshimiwa, mtu akiungua ana haki ya kupiga kelele. Ni haki ya kila kiumbe chenye ngozi! Mimi kelele yangu niliimeza. Niliimeza kwa ajili ya usingizi wa jitu ambalo halijazaliwa. Mke wangu alipoona machozi, akadhani mchezo umenigusa moyo.

5. Pumzi. Hili ndilo zito kuliko yote, na naomba ulisome umekaa. Gemu yenu imempa mama mkwe wangu pumzi kupita kiasi. Alikuja hapa hawezi kuzima njiti ya kiberiti. Sasa anapanda ngazi za nyuma bila kushika ukuta. Anaimba akiosha vyombo, wimbo mzima, pamoja na sehemu za watu wengine. Anagombana na binti yake kuanzia uani mpaka mlango wa mbele bila kutua. Zile sentensi alizokuwa akizikatia njiani siku hizi anazifikisha mwisho, na nyingi zinanihusu mimi. Jana amenieleza makosa yangu yote kwa mfululizo mmoja, nikawa nangoja akohoe ili nipenye, hakukohoa. Nani aliwapa ruhusa ya kumfanyia hivi mtu mzima bila kuwauliza wakwe zake? Leo ameenda kwa daktari kupimwa kifua, kujulikana kama atarudishwa wodini au la. Mke wangu ameenda naye, na tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni kwa wasiwasi. Mimi sina wasiwasi wowote. Mimi nina skrubu za kutafuta.

Kwa hiyo naomba maiki ziondolewe kwenye gemu zenu zote, za sasa na zijazo. Mkiona hilo ni gumu, basi gemu imuulize mtu kwanza, kabla ya kumwamuru apulize, anaishi kwa nani na mwenye nyumba anafanya kazi gani. Hilo nalo likiwashinda, andikeni juu ya boksi kwa herufi nyekundu, kama mnavyoona kwenye dawa: "Weka mbali na wakwe." Na mkinipuuza kabisa, nitaziomba serikali zote zikutane kulijadili jambo hili, maana leo ni skrubu zangu, kesho mama wakwe wa dunia nzima watapuliza kwa pamoja na mapaa ya watu yatang'oka. Msije mkasema hamkuonywa.

Nisalimie wenzako wote wa kitengo, na wale wa kitengo cha vitufe, ambao sina ugomvi nao. Msalimie pia mama mkwe wako, kama unaye. Huyo msalimie kwa sauti ya chini.

Ni mimi niliyebakiwa na subira kidogo,

Fundi Simu

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga bahasha waliporudi. Daktari alimpa mama mrija wa kupimia pumzi, akapuliza, kile kidude cha ndani kikapanda mpaka juu kikagota. Daktari akadhani mrija umeharibika, akaleta mwingine. Ule nao ukagota. Alipomuuliza amefanya mazoezi gani, mama akamjibu kwamba alikuwa anafungua milango. Hatarudi wodini! Mke wangu amenieleza haya amesimama mlangoni, analia huku anacheka. Nimelia, Mheshimiwa. Nilikuwa naogopa. Nimeogopa tangu siku ile alipoingia humu akijishikilia, na sikumwambia mtu. Kwa hiyo kuanzia namba moja hadi namba tano, futeni. Ila sasa kuna shida kubwa kuliko zote hizo. Daktari amesema asiache kupuliza hata siku moja mpaka kifua kipone kabisa, na mama gemu yenu ameimaliza. Milango yote iko wazi, jitu limeondoka zake, hakuna kilichobaki cha kuzima, na ukimtajia kitu kingine chochote cha kupuliza hataki hata kukisikia. Jamani, nawaomba, tena kwa heshima ileile niliyowasema nayo hapo juu: ongezeni mishumaa.