Kaku Tshibola Aomba Kibali

Natangaza kwa fahari kuu: mila za Kolwezi sasa zina ofisi, na Mkurugenzi wake ni mimi, Mulumba. Kabla yangu watu walikuwa wakizikana ovyo tu. Fanfare ya matarumbeta inapulizwa, akina mama wanacheza katikati ya barabara, malori ya shaba yamekwama nyuma yao. Hiyo ni nchi kweli?

Amri yangu haikufuta mila hata moja. Inaziheshimu zote. Ila kibali cha msafara sharti kiombwe na mhusika mkuu, yeye mwenyewe, kisha akingoje ofisini. Hutoka baada ya wiki.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Henriette, muuza samaki, aliyefiwa na mama yake, Kaku Tshibola.

“Tata mukubwa, tunaomba njia tu, tumuzike mama leo. Joto ni mingi.”

“Mhusika mkuu ni nani?”

“Ni marehemu.”

“Basi aje.”

Akanitazama, akaondoka. Nikajua sheria imemwingia.

Alasiri marehemu akaja. Kwetu, kaku, yaani bibi, akifa, mjukuu ana haki ya kuvaa nguo zake, kumwiga na kumkemea yeyote, na ni mwiko kumkasirikia. Falonne, binti wa Henriette, alikuwa amevaa kikwembe na miwani ya Kaku, mgongo kaupinda vilevile. Akaketi kwenye kiti changu.

“Ni miye Tshibola. Nilikufwa juzi. Kibali iko wapi?”

Ofisi inaheshimu mila, ningefanyaje? Nikamsajili.

“Msafara wa nini, Kaku?”

“Wa kunizika, mupumbafu!”

“Kibali kitatoka baada ya wiki.”

“Muzuri. Tutangojea hapa, sawa vile sheria inasema.” Akageukia mlango. “Batoto, muniingize!”

Jeneza likaingia, likawekwa juu ya meza yangu. Ikafuata fanfare, mikeka, masufuria ya bukari, ugali wetu. Majirani wakaja kunipa pole, maana matanga yakikaa kwako, mfiwa ni wewe. Na jioni ile Waziri wa mkoa, Mheshimiwa Muamba, alikuwa anakuja kuifungua ofisi rasmi!

Nikamwamuru polisi wa mlangoni alitoe jeneza. Akasoma amri yangu polepole.

“Chef, kulitosha inje ni musafara. Siko na kibali.”

Nikampigia Falonne magoti. “Kaku, nakusihi, nenda.”

“Bila ruhusa? Miye ni muntu wa sheria.”

Nikaichana amri mbele ya wote. Haikutosha, maana kwa mila mfiwa hubeba. Nikashika jeneza upande wa mbele, tukatoka. Malori yakasimama, fanfare ikalia, nami nikalia kwa sauti. Niliona uchungu kweli, na sikuwahi hata kumjua yule mama.

Gari la Waziri likasimama mbele yetu. Akateremsha kioo.

“Mulumba! Nani amekupa ruhusa?”

Falonne akajikongoja hadi dirishani.

“Ni miye nilimupatia. Na weye, tata, unakala mu gari sababu gani? Shuka, ubebe!”

Barabara nzima ikamtazama Mheshimiwa. Akashuka.