Soya za Mama Gu

Siku Bong Tae-sik alipomwona Mama Gu Pil-nyeo akishuka kwa taabu kutoka kwenye gari jipya, mbele ya bafu la umma alilolimiliki mama huyo mjini Jeonju, moyo ulimdunda kwa mapenzi. Si kwa mama, kwa gari.

Kesho yake alitinga pale na koti jeupe la kidaktari, mkononi chungu cha chonggukjang, zile soya zilizochachushwa mpaka zinanuka soksi. Alikuwa amezinunua sokoni asubuhi ileile.

"Mama, hizi si soya za kawaida," alisema kwa sauti ya msibani. "Humu mna bakteria waliotunzwa na watawa mlimani. Wakishaingia tumboni wanakula sukari, wanachoma mafuta, wewe umelala zako."

"Nimelala?"

"Unakoroma, wao wako kazini."

Mama Gu alinusa chungu bila kukunja uso. "Na mbegu yao ya kuchachushia unaniuzia mimi peke yangu?"

"Mji mzima, wewe tu."

"Sawa, Daktari. Ila hicho kitambi chako, hao bakteria hawajakiona?"

Kitambi kilikuwa cha Tae-sik kihalali, na ugonjwa wa sukari pia, ingawa vidonge alivificha mfuko wa ndani na kuvimeza akikumbuka. Wakakubaliana: akae palepale bafuni ale dawa yake, kitambi kikishuka alipwe. Kwa malipo yale angenunua nyumba ya ufukweni Busan.

Mama Gu alimtunza kama mkwe. Asubuhi supu ya chonggukjang na wali wa shayiri, mchana hivyohivyo, jioni usiulize. Soju marufuku, kuku wa kukaanga marufuku, "bakteria wasije wakalewa." Akapewa na brashi ya kusugulia mabafu, eti jasho linawachangamsha. Kwa kukosa la kufanya, hata vidonge akaanza kuvimeza kwa wakati.

Kitambi kikashuka. Huko zahanati, muuguzi alimpima sukari, akarudia kupima, akampongeza. Tae-sik, ambaye hakuwahi kuuza kitu kinachofanya kazi, alikaa kwenye benchi akashikwa na woga mgeni kabisa: huenda alikuwa amesema kweli.

Alirudi mbio kudai chake. Akakuta foleni hadi barabarani. Ukutani zilibandikwa picha zake mbili, tumbo wazi, la zamani na la sasa. Chini ya picha hizo Mama Gu alikuwa anauza vifurushi vya soya.

"Mama, hiyo ni mbegu yangu."

"Yako niliimwaga siku ileile, mwanangu. Umekuwa ukila za jikoni kwangu, alizonifundisha bibi."

"Nitawaambia watu wewe ni tapeli."

"Waambie. Wakikuuliza umejuaje, utajibuje?"

Tae-sik akaenda kufunga begi, suruali akiishika kwa mkono isimvuke. Mlangoni akasimama. Aliwaza kituo cha basi na kuku wake wa kukaanga, akawaza sukari inavyompanda taratibu huko Busan, peke yake. Akageuka, akajipanga mwisho wa foleni.

Mzee wa mbele yake akamtazama, akaitazama picha. "Ni wewe? Kweli zinasaidia?"

"Zimenisaidia, baba," alisema Tae-sik, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemlipa kusema. Kisha ulimi ukafuata mazoea yake: "Ila moja haitoshi. Chukua mbili."