Kilima cha Kanga ya Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti
Mwalimu Anyitike katangaza: kidato chote cha pili tutashona picha ya mashamba na vilima vya kwetu kwa vitambaa chakavu. Kila mtu kipande chake, kisha viunganishwe, vitundikwe kwenye viwanja vya maonyesho Nzuguni siku ya Nanenane. Kipande bora kitakaa katikati, na mwenyewe atawaeleza wageni kwa maikrofoni. Maikrofoni! Nathanaeli, zamu yako imefika.

Ila kuna Salha. Baba yake fundi cherehani, vitambaa kwao kama pumba. Kashamaliza ng'ombe watatu. Wana hadi nundu! Inaudhi.

Jumanne, 5 Agosti
Kiangazi hiki nchi nzima ni kahawia, na kahawia yote kashika Salha. Nikamwomba kistaarabu. Kaniambia nikachote udongo. Nikachota! Nikapaka shuka kuukuu. Likapendeza. Likakauka. Nikalikung'uta, vilima vyote vikaanguka sakafuni. Shangazi Emiliana kauliza nani kahamishia shamba sebuleni.

Jumatano, 6 Agosti
Shangazi kaenda mazoezi ya kwaya. Sandukuni mwake kuna kanga ya rangi ya udongo hasa. Nikakata kidogo. Kidogo kikawa nusu. Jina la kanga ni MCHUMIA JUANI HULIA KIVULINI. Mkasi ukabakiza HULIA KIVULINI chini ya kilima changu. Nikashona mti hapo, na ng'ombe wawili chini yake. (Salha atadai ni mbuzi.) Basi, ng'ombe hulia majani kivulini. Akili hizi nimezitoa wapi?

Alhamisi, 7 Agosti
Mwalimu kasema picha yenye maneno hajapata kuiona. Katikati ni mimi! Salha kanuna. Nimewahutubia kuku jioni nzima.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane. Nimeshika maikrofoni, wageni wamejaa, ndiyo kwanza nafika kwenye kilima. Kina mama wa kwaya hao! Shangazi mbele, kajifunga kanga ya rangi ya udongo. Mungu wangu, kanga huuzwa doti! Ile nyingine nilisahau!

Mwanakwaya mmoja akapiga makofi, akasema tumependeza, mtu na shangazi yake sare. Shangazi akatabasamu meno tu. Akaomba maikrofoni. Akaeleza, kwa sauti ile ya kwaya, kwamba neno hulia lina maana mbili: ya kula wamepewa ng'ombe, ya machozi kaniwekea mimi nyumbani. Watu mbavu hawana! Salha alicheka mpaka akakaa chini. Maikrofoni akapewa yeye. Roho iliniuma, jamani.

Jumapili, 10 Agosti
Nimelia, ndiyo. Na maji ya nyumba nzima nachota mimi mpaka Krismasi. Leo kanisani nimetubu kwa moyo wote: nilikosea sana, ningezichukua kanga zote mbili.

Mwalimu kasema muhula ujao tutashona anga. Wakati wa mahubiri nililitazama sana pazia la madhabahuni. Buluu safi. Halina jina, na halina pacha.