Milio Miwili Mifupi

Jumatatu, 3 Machi

Sauti ya filimbi haijanitoka masikioni. Ni filimbi ya bati ya marehemu Babu, aliyoipuliza vitani alipokuwa mnyapara wa wapagazi wa jeshi. Leo imelia katika stoo ya magodoro tunakorekodia: mlio mmoja mrefu. Aliyepuliza si mimi. Ni Chiriku.

Iandikwe hapa, maana kwingine haitaandikwa: albamu hii ni wazo langu. Nyimbo tisa za roki, kisa kimoja toka mwanzo hadi mwisho, wapagazi mia moja wakivuka milima na masanduku ya risasi vichwani. Miaka miwili ya utafiti. Maneno yote yangu. Chiriku nilimleta mwenyewe aimbe, baada ya mpiga gitaa kusema sauti yangu inafaa kutangazia misiba. Sasa ni Chiriku hivi, Chiriku vile. Fundi wa sauti kamtandikia godoro jipya akalie. Mimi nakalia boksi.

Na kakosea! Kitabu cha amri za jeshi, ukurasa wa 41: kuondoka ni milio miwili mifupi. Mmoja mrefu ni kusimama. Wimbo unaitwa "Twendeni", yeye anawasimamisha watu. Niliacha aendelee kukosea. Furaha ilinibana kifuani kama kikohozi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango. Jumamosi ndiyo siku ya kurekodi wimbo huo. Nitamleta Bibi asikilize. Mjane wa mnyapara mwenyewe! Atasikia kosa, atasema, Chiriku ataumbuka mbele ya bendi nzima. Filimbi itarudi kwangu, na wimbo nitaimba mimi. Filimbi yenyewe niliiomba mimi kwa Bibi. Mpiga gitaa akampa Chiriku aijaribu kidogo. Kidogo gani wiki tatu?

Alhamisi, 6 Machi

Mpiga ngoma, ambaye ni binamu yangu na hajawahi kusoma chochote, leo kakikuta kitabu kimefunguka ukurasa wa 41. Kaniuliza mbona Chiriku haambiwi. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya watafiti. Alipogeuka nikakichomeka kitabu katikati ya magodoro mawili. Saa nane akaja mteja, akayachukua yote mawili. Kitabu ni cha maktaba.

Chiriku kaondoka mapema na kilo ya sukari mkononi, kama kila Alhamisi. Ati ana bibi mmoja wa kumjulia hali. Kujipendekeza kumemjaa mpaka kunamwagikia wazee wa watu.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Bibi kaja, mtandio mpya, nimemshika mkono kama bibi harusi. Chiriku kamwamkia. Bibi kamwitikia marahaba, akamuuliza mbona amekonda tangu juzi.

Tangu juzi!

Filimbi ikalia. Mlio mmoja mrefu. Bibi akajifunika uso kwa mtandio. Nikajua saa yangu imefika. Nikamuuliza kwa upole, lakini kwa sauti ya kufika hadi kwenye ngoma, kama huyu hajakosea. Nikataja ukurasa.

Bibi akafuta macho. "Babu yako hakupata kupuliza ya kuondoka. Filimbi ilikuwa ya kuwapumzisha tu, watue mizigo. Muda ukifika aliinuka akatembea, nao wakamfuata."

Nikauliza mbona hakuniambia.

"Mjukuu wangu, wewe ulikuja mara nne na vitabu, ukanisomea. Mwenzio alikaa, akaniuliza."

Magodoro yale yanameza sauti zote, hata ya mtu anayetamani kumezwa yeye. Mpiga gitaa kabadilisha jina la wimbo palepale: "Tua Mzigo". Miaka miwili nilitafuta jina kama hilo.

Kisha Chiriku akanisogelea, akanipa filimbi. "Dada, ipulize wewe. Ni babu yako."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Fundi akawasha mitambo. Nikavuta pumzi, nikapuliza.

Miwili mifupi. Mdomo umeshazoea.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa unyenyekevu. Bibi amesema kweli: utafiti ni kwenda kwa watu na kuwauliza. Wivu nimeutua. Filimbi nimemrudishia Chiriku, na nimetabasamu karibu dakika nzima.

Sasa, Chiriku ana babu, baba wa mama yake, aliyekuwa mpishi wa jeshi katika vita vilevile. Yuko hai. Chiriku hajamwandikia hata ubeti mmoja! Kwa hiyo nimeamua: albamu ya pili itakuwa ya mpishi huyo, nitaimba mwenyewe, na Chiriku ataisikia ikishatoka.

Tayari nimeanza. Asubuhi nimefika kwa mzee na kilo mbili za sukari na maswali sitini na manne. Swali la kwanza tu, akasema kambini hawakuwa na chumvi. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba walikuwa nayo, nimeiona orodha ya vyakula vya kambi. Nikamsomea orodha yote.

Nilipofika kwenye maharage alikuwa ananisikiliza kwa makini sana, macho kafumba.