Jinsi Mwalimu Nabwile wa Mabanga Alivyomchagua Mlinzi wa Bure wa Kompyuta

Kaeni kitako, enyi watu wa Bungoma na enyi watu wa Kitale, na ninyi wa Misikhu mlio katikati msijifanye hamjaitwa. Tueni majembe. Zimeni redio. Mwambieni anayesonga ugali aepue sufuria aje asikie, maana linalosimuliwa hapa si la kusikilizwa ukiwa umesimama mlangoni. Ni habari za Nabwile, mwalimu mstaafu wa Mabanga, Mshika Chaki, Mtiisha Darasa la Sita, mke wa Wamalwa na mama yake Joy: jinsi alivyochagua antivairasi ya bure kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani, na jinsi alivyotoka katika uchaguzi huo akiwa mzima wa mwili na wa dhamiri.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na tisa, zama ambazo flashi zilivaliwa shingoni kama nishani za vita. Katika sebule ya Nabwile, juu ya meza iliyokuwa ya redio, ilikaa kompyuta kubwa yenye kichogo kama cha fahali, imefunikwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Kwa chombo hicho Nabwile alichapa ratiba za harusi na za mazishi. Kutoka Mabanga hadi mjini Bungoma hakuna aliyeoa wala aliyezikwa kwa heshima kamili bila zile herufi zake za kupinda, na lile ua la waridi alilolipenda mno kiasi kwamba hata marehemu mzee wa miaka tisini na tatu alizikwa nalo.

Ndipo adui akaja. Hakuja kwa farasi wala kwa mikuki. Alikuja ndani ya flashi. Nabwile alikuwa ameipeleka saiba moja ya mjini, duka la intaneti, ili achukue picha ya bibi harusi. Ikarudi nyumbani na picha, na pamoja na picha, jeshi. Kufumba na kufumbua, folda zote zikapoteza akili. Ukifungua iliyoitwa Harusi, ndani yake kuna Harusi nyingine. Ukiifungua hiyo, kuna Harusi ya tatu. Nayo ya tatu ni tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Na humo, mahali fulani katika giza lile, ilikuwa ratiba ya Mukami binti Mbugua wa Kitale, aliyekuwa afunge ndoa Jumamosi hiyo hiyo mbele ya ukoo wake wote na nusu ya mji.

Wamalwa aliposikia, alisimama katikati ya sebule na buti zake za zizini, akanena kama mfalme anayetangaza mipaka mipya.

"Mama Joy! Nimevumilia. Meza ya redio yangu ilichukuliwa, nikanyamaza. Stima inanywewa na hii kitu kama maji, nikanyamaza. Sasa ati imeshikwa na homa! Sikia neno langu: isipopona kufikia kesho jioni, Ijumaa asubuhi inaenda Misikhu. Kuna mtu huko atanipa pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa. Pampu haishikwi na virusi, bana."

"Baba Joy, hiyo ni kazi yangu unayotaka kubadilisha na pampu!"

"Kazi?" Wamalwa akacheka, akaelekea zizini. "Huo ni mchezo wa kustaafu. Wengine hufuma, wewe unabonyeza."

Neno hilo lilimchoma Nabwile kuliko virusi vyote. Alichukua simu, akampigia Khisa, mume wa Joy, fundi wa kompyuta wa Kitale, ambaye mikono yake iliwahi kufufua mashine iliyomwagiwa uji.

Alhamisi mchana Khisa akateremka kutoka Kitale, amemwacha Joy na mtoto mchanga, kifuani amekumbatia sidii aliyoichoma mwenyewe. Ndani ya sidii hiyo walilala mashujaa watatu, antivairasi tatu za bure, kila mmoja akijisifu kwamba ndiye mkuu wa walinzi duniani. Lakini sikieni sasa ugumu wa vita hivi! Kwa Wabukusu, mkwe wa kiume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono. Hawagusani. Hawabanani kwenye kiti kimoja kutazama kioo kimoja, hata kama kioo hicho kinaungua. Khisa aliweka sidii juu ya kigoda mlangoni, akarudi nyuma hatua za adabu. Nabwile akatoka, akaichukua, akaingia. Kisha Khisa akaenda kusimama nje ya dirisha la sebule, chini ya ukingo wa mabati, uso ameuelekeza kwenye ua wa miti na mgongo kwenye kompyuta. Na mvua ikaanza.

"Mama," akaita, akiiambia miti, "niko tayari. Uniambie unachokiona, na mimi nitakuambia cha kufanya."

"Ninaona simba!" akapaza sauti Nabwile. "Simba mwekundu, anang'aa, ananguruma kwa spika zote mbili. Anasema atanilinda bure."

"Huyo ni wa kwanza. Bonyeza pale chini, Mama, pameandikwa unakubali."

"Nikubali nini?"

"Hayo masharti. Bonyeza tu. Hakuna mtu husoma hayo."

Nabwile akaondoa mkono kwenye kipanya. Mwanamke huyu alikuwa amesahihisha insha kwa miaka thelathini na mmoja.

"Mkwe wangu," akasema polepole, "hata siku ya ndoa yako ulitia sahihi bila kusoma?"

"Hapana, Mama. Hiyo nilisoma," Khisa akaiambia miti kwa haraka.

Basi Nabwile akavaa miwani na kuanza kusoma. Akasoma masharti ya Simba Mwekundu kwa sauti ya gwaride, sentensi kwa sentensi, akiyafasiri kutoka Kiingereza kana kwamba darasa zima lilikuwa mbele yake, huku mvua ikipanda kwenye soksi za Khisa. Alipofika sehemu ya saba akapiga meza.

"Loo! Kumbe bure yake ni ya siku thelathini! Baada ya hapo anataka alipwe, asipolipwa analala. Huyu si mlinzi, ni mgeni anayekula mwezi mzima kisha anakudai nauli ya kurudi kwao. Nje!"

"Nje, Mama," Khisa akaitikia, meno yakigongana.

Akaitwa wa pili, aliyeitwa Kifaru. Masharti ya Kifaru yalikuwa safi, lakini Kifaru mwenyewe alikuwa mzito. Alipoingia, kompyuta ilishusha pumzi kama punda aliyepakiwa mahindi ya kijiji kizima. Kipanya kikatembea kwa kuchechemea. Hata hivyo aliingia, akakaa, akaanza kutafuta.

Na hapo, ndugu zangu, shujaa wetu akatenda kosa ambalo yeyote mwenye boma angelitenda. Alitazama nje, akaona mbwa wao wawili wamelala penye banda. Akawaza: nani katika Mabanga yote hufuga mbwa mmoja? Mmoja hulinda mbele, mmoja hulinda nyuma. Na mgongo wa mkwe haukuwa na macho. Basi kimyakimya akamrudia Simba Mwekundu, akamkubali kwa huo mwezi mmoja tu, akamwingiza naye.

Lo, mtifuano uliotokea! Simba alimwona Kifaru akipekua mafaili, akapiga kelele kwamba mwizi amepatikana. Kifaru naye akamwona Simba akipekua mafaili, akapiga yowe lile lile. Huyu akamkamata huyu, huyu akamfunga huyu. Vijisanduku vya onyo vikarukaruka juu ya kioo kama panzi. Feni ya kompyuta ikavuma mpaka kitambaa kilichofumwa kikapepea. Na virusi vyenyewe, hapana shaka, vilikaa pembeni vikitazama kama watu wa sokoni wanaotazama wanaume wakigombana. Kisha kila kitu kikaganda.

"Mama," Khisa akauliza taratibu, "hiyo sauti ni ya nini?"

"Sauti gani?"

"Hiyo ya posho mill, kama inasaga mahindi."

Nabwile akakiri. Khisa hakumkemea, kwani ungemkemeaje mama wa mke wako huku umempa mgongo? Alifuta maji usoni tu, akasema, "Mama, kwa ng'ombe hatuchanganyi dawa mbili za kuogeshea. Ni hivyo hivyo. Zima, washa, tuwatoe wote wawili."

Wakawatoa. Saa zilikuwa zimekwenda. Jioni ya kiapo cha Wamalwa ilikuwa inakuja juu ya migomba, na bado Mukami binti Mbugua hakuwa na ratiba. Akabaki shujaa mmoja, wa tatu, ambaye hakunguruma wala hakuvimba. Alama yake ilikuwa ngao ndogo ya bluu. Nabwile akasoma masharti yake kwa koo lililokwisha kukauka. Bure bila kikomo: vyema. Mwepesi: vyema. Halafu akasimama ghafla.

"Mkwe wangu. Hapa imeandikwa: bure kwa matumizi ya nyumbani tu. Si kwa biashara."

"Sawa, Mama. Si iko nyumbani?"

"Kompyuta iko nyumbani. Lakini ratiba ninazochapa zinaenda kwa watu. Nao huniletea jogoo. Huniletea maharagwe. Kuna aliyenipa noti ndani ya bahasha."

"Mama, hao wenye programu wako ng'ambo. Hawajui jogoo wako."

"Lakini mimi ninamjua!"

Hapo ndipo penyewe. Kidole cha Nabwile kilining'inia juu ya kipanya. Akisema ni biashara, Ngao ya Bluu imeharamishwa kwake, na ya kulipia hana namna ya kuinunua. Ijumaa kompyuta inaenda Misikhu. Akisema si biashara, atakuwa amekubali kwa kidole chake mwenyewe kwamba Wamalwa alikuwa na haki, kwamba miaka yote hii alikuwa anacheza tu. Mshika Chaki hakuwa mtu wa kuapa uongo, hata kwa mashine.

Akafungua mlango wa nyuma, akaita kwa ile sauti iliyowahi kuwatoa watoto miembeni: "Baba Joy! Njoo uhukumu!"

Wamalwa akaja, maziwa yakiwa bado mikononi. Akasimama kizingitini: mbele yake mke, na nje ya dirisha mgongo wa mkwe uliolowa.

"Mume wangu," akasema Nabwile, amesimama wima, "mbele ya shahidi, useme. Hiki ninachokifanya na kompyuta hii ni biashara, au si biashara? Ukisema ni biashara, basi unataka kuuza biashara ya nyumba hii ili upate pampu, na dunia isikie. Ukisema si biashara, basi mlinzi wa bure anaingia sasa hivi, mashine inapona, na kiapo chako kimekwisha. Sema!"

Wamalwa akapangusa mikono kwenye suruali. Alimtazama mkewe, akautazama ule mgongo dirishani kutafuta msaada, na mgongo haukumsaidia.

"Wakati tulipomzika mama yangu," akasema hatimaye, na sauti ya mfalme haikuwamo tena, "ile ratiba uliichapa wewe. Watu waliishika mkononi, wakajua ataimbiwa nini, nani atasema, jina lake limeandikwa vizuri. Mimi nilikulipa?"

"Hukunilipa."

"Uliniambia bei?"

"Sikukuambia. Sijawahi kumwambia mtu bei."

"Basi si biashara. Jogoo ni asante ya watu." Akakohoa, akatazama buti zake. "Lakini kazi ni kazi. Haya, nimesema. Sasa bonyeza, mtoto wa watu analowa."

Nabwile aliitafuna hukumu hiyo kama mtu anayeonja chumvi. Akaiona inatosha.

"Na siku nitakapotaja bei," akatangaza kwa ukoo wote wa walinzi ng'ambo, "siku hiyo hiyo nitanunua ya kulipia."

"Utaitaja lini?" Wamalwa akauliza kwa wasiwasi.

"Januari."

Akabonyeza.

Ngao ya Bluu ikaingia bila kelele, ikashuka folda kwa folda, na popote ilipopita adui alianguka. Harusi zilizozaana zikafutika. Ile ya kweli ikachomoza kutoka mafichoni, na ndani yake Mukami binti Mbugua, jina kamili, tarehe, nyimbo zote nne na ua la waridi. Nabwile akalisoma jina lile mara mbili kwa sauti, na nje ya dirisha Khisa akaipigia miti makofi.

Ndipo, kazi ilipokwisha, spika zikatoa sauti ya mwanamke, tulivu, ya kigeni, ikatangaza kwa Kiingereza kwamba nyumba hii sasa ni salama. Wamalwa, ambaye hakuwa ameonywa kwamba mlinzi huyu husema, alivua kofia yake.

"Asante, mama," akaiambia kompyuta.

Wala hakuna aliyecheka. Maana siku hiyo, enyi watu wa Bungoma na Kitale, Mabanga ilishinda, na aliyeshinda ni Nabwile, Msoma Masharti, wa kwanza chini ya Mlima Elgon, na labda wa kwanza duniani, aliyeyasoma yote mpaka mwisho kabla ya kukubali.